Kazi ya Mwanatakwimu Haimo Kwenye Faili Lake

Mwaka 2014 jarida la Nature lilipanga makala 100 za kisayansi zilizonukuliwa kuliko zote. Waliotarajia kukuta nadharia kuu za fizikia juu ya orodha walikuta mbinu za maabara. Ya kwanza kabisa ilikuwa namna ya kupima kiasi cha protini. Namba 11 ilikwenda kwa Edward Kaplan na Paul Meier, kwa makala yao ya mwaka 1958. Namba 24 ilikwenda kwa David Cox, kwa makala ya mwaka 1972. Zote mbili ni makala za takwimu na zinakabili tatizo moja: utakadiriaje muda wa mtu kuishi, au wa kifaa kudumu, wakati baadhi ya unaowafuatilia bado wako hai siku unapofunga daftari?

Kaplan alikuwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, akihangaika na valvu za kielektroniki zilizofungwa kwenye nyaya za simu zipitazo chini ya bahari. Meier alikuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akihangaika na muda wa kuishi wa wagonjwa wa saratani. Kila mmoja aliandika kivyake, wote wakapeleka kwenye jarida moja, na mhariri akawashauri waunganishe maandishi yao. Ikawachukua miaka kuafikiana.

Sasa wachukue watu hao uwasimamishe mbele ya kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kikuu cha leo, mwaka mmoja kabla makala ile haijatoka. Kamati itauliza maswali yake ya kawaida. Makala ngapi? Kwenye majarida gani? Jina lako linatangulia au liko katikati? Umeleta ruzuku kiasi gani? Na ule muda wote uliokaa na wahandisi au madaktari, ukijifunza kitu chao kinavyokufa, utaandikwa chini kabisa, kwenye kisanduku cha huduma, jirani na uanachama wa kamati ya michezo.

Naona kisanduku hicho ndicho kinachoharibu mambo. Katika takwimu, sehemu kubwa ya utafiti wenye uzito ilizaliwa pale mtu alipoletewa swali la mwenzake, kisha akapata muda wa kulitafuna peke yake. Swali la nje na muda wa ndani. Ajira ya mwanatakwimu chuoni leo imevitenganisha vitu hivyo viwili: kuna wanaopata maswali bila muda, na kuna wanaopata muda bila maswali, na kila upande unahesabiwa kwa mizani inayozidi kuusukuma mbali na mwenzake.

Cox anafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu alieleza mwenyewe mambo yalivyokwenda. Alianza kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili katika taasisi ya utafiti wa ndege, Uingereza, kisha akahamia Leeds kwenye shirika la utafiti wa viwanda vya sufu. Takwimu alizijua kwenye nyuzi za sufu kabla ya kuzifundisha darasani. Baadaye, akiwa tayari ni msomi mwenye jina, watu mbalimbali wakawa wanamjia na swali lile lile. Tuna wagonjwa. Tunajua umri wao, dawa waliyopewa na hali yao siku ya kwanza. Wengine wamefariki, wengine wamehama hatuna habari zao, wengine wazima. Je, dawa inasaidia?

Ugumu uko hapa: kila ugonjwa una mwendo wake. Hatari ya kufa inaweza kuwa kubwa wiki ya kwanza baada ya upasuaji, ikashuka, kisha ikapanda tena mwaka wa tatu, na hakuna anayejua umbo kamili la mwendo huo. Ukiuandika kwa kanuni, unakisia. Ukikisia vibaya, na jibu kuhusu dawa linaharibika. Cox aliandika hesabu nzima na mwendo usiojulikana ndani yake, akaiona haishikiki, akakwama. Kwa maelezo yake, alikwama karibu miaka mitano.

Alichokuja kukiona kinaelezeka bila alama hata moja ya hisabati. Chukua wagonjwa watano, A hadi E. Siku ya 40, C anafariki. Usiulize kwa nini kifo kimetokea siku ya 40 na si ya 39. Hilo linategemea mwendo wa ugonjwa, usioujua. Uliza hivi: tukishajua kwamba leo amefariki mmoja kati ya hawa watano, kulikuwa na uwezekano gani kwamba atakuwa C? Ukiuliza hivyo, hatari ya jumla ya siku ile inakuwa juu na chini ya mgawanyo, inajikata yenyewe. Kinachobaki ni tofauti kati ya wagonjwa: umri wao, dawa zao. Siku ya 55 B anahama, jina lake linatoka kwenye orodha bila kelele. Siku ya 61 anafariki E, na swali linaulizwa upya kwa waliokuwa bado kwenye orodha, yaani A, D na E. Zidisha majibu ya siku zote za vifo. Sasa una hesabu inayoonyesha athari ya dawa, na mwendo wa ugonjwa hujaugusa.

Makala ilitoka mwaka 1972 katika jarida la Royal Statistical Society, ikiwa na mjadala wa wasomi wengine nyuma yake kama ilivyo desturi ya jarida hilo. Baadhi yao walihoji kama hesabu ile ina msingi halali. Cox alirudi mwaka 1975, safari hii katika Biometrika, jarida lingine la takwimu, akaipa nadharia yake. Tazama mfuatano: swali la hospitali likatangulia, mbinu ikafuata, nadharia ikaja mwisho. Anayepima utafiti kwa nadharia peke yake angempa Cox alama za mwaka 1975 tu. Na ile miaka mitano ya kukwama, fomu ya tathmini ya kila mwaka ingeisoma kama uzembe kwenye mradi usiozaa. (Cox mwenyewe hakuwa hatarini, alikuwa na kazi nyingine tele, na uhariri wa Biometrika aliushika tangu 1966 hadi 1991. Tusipange sheria za ajira kwa kumtazama mtu wa nguvu zile.)

Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, anajulikana zaidi, nampitia haraka. Mwaka 1919 alikataa nafasi aliyopewa kwenye maabara ya mwanatakwimu Karl Pearson, London, akaenda Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, kupekua rekodi za majaribio ya mashamba yaliyoanza mwaka 1843. Akiwa huko, kati ya ngano na mbolea, aliandika makala ya mwaka 1922 ambayo nadharia ya ukadiriaji bado imeisimamia, na kitabu cha mwaka 1925 kilichozifikisha mbinu zake kwa watafiti wa kawaida. Hakuna aliyemtaka achague kati ya kuhudumia wakulima na kufanya utafiti. Fisher huyu huyu alikuja kung'ang'ania kwamba uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu haujathibitika, kwa hiyo simtaji kama mtakatifu. Namtaja kwa sababu ya mazingira aliyopewa.

Mtu atasema: na wananadharia watupu je? Kuna mfano wa C. R. Rao, mwanatakwimu wa India. Mwaka 1945, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, alichapisha Calcutta makala ambamo mna matokeo mawili ambayo kila mwanafunzi wa takwimu huyakuta yakiwa na jina lake. Moja linaweka mpaka wa chini wa kosa la kikadirio (kanuni ya kukadiria kutokana na data) kisichoegemea upande: hata uwe hodari namna gani, chini ya hapo hushuki. Ni nadharia isiyo na mgonjwa wala shamba. Lakini kwa simulizi ya Rao mwenyewe, chanzo kilikuwa darasani. Alikuwa akifundisha matokeo ya Fisher yanayohusu sampuli kubwa mno, mwanafunzi mmoja akauliza kama yana maana yoyote kwa sampuli ndogo. Rao hakuwa na jibu. Akaenda nalo nyumbani, akarudi nalo limethibitishwa. Swali la nje tena, ila safari hii limeletwa na kazi ya kufundisha, ambayo nayo ina kisanduku chake cha pembeni kwenye faili. Tuzo ya Kimataifa ya Takwimu alipewa mwaka 2023, akiwa na miaka 102, miezi michache kabla ya kufariki.

Turudi kwa kijana anayeanza kazi leo. Akiajiriwa kwenye shule ya tiba, mara nyingi mshahara wake hununuliwa kwa vipande: asilimia 20 kutoka mradi wa moyo, 30 kutoka wa kisukari, 25 kutoka wa figo, hadi ifike 100. Ikishafika 100, hakuna hata asilimia moja iliyobaki ya kufikiri. Alhamisi alasiri daktari anagonga mlango. Anahitaji ukubwa wa sampuli; maombi ya ruzuku yanafungwa kesho. Idadi anayo tayari kichwani, wagonjwa 64 kila kundi, kwa kuwa ndiyo bajeti inayoimudu. Wagonjwa 64 kila kundi wanatosha kugundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi wagonjwa wanavyotofautiana wao kwa wao), mara nane kati ya kumi. Ukimbana kidogo unagundua kwamba tofauti anayoitarajia kwa dhati, kutokana na tafiti zilizotangulia, ni robo. Robo inadai zaidi ya wagonjwa 250 kila kundi. Tofauti ikipungua kwa nusu, sampuli inaongezeka mara nne. Hesabu hiyo haina huruma na haijali tarehe ya mwisho.

Hapo kijana ana njia mbili. Aseme utafiti huu hautajibu swali lake, au aandike nusu kwenye fomu na maisha yaendelee. Anayeandika nusu, jina lake litaingia kwenye makala. Anayekataa atapata sifa ya kuwa mtu mgumu kufanya naye kazi, na mwaka ujao mradi wa figo utanunua asilimia za mwingine. Mwaka 1938, akihutubia mkutano wa wanatakwimu India, Fisher alisema kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha ni kumwomba achunguze maiti. Siku hizi anaitwa mapema kidogo, jioni ya kuamkia siku ya maziko.

Akiajiriwa kwenye idara ya hisabati, mateso ni ya aina nyingine. Muda anao, angalau wa kiasi. Anachokosa ni mtu wa kugonga mlango. Matokeo yake ni aina ya makala ambayo kila msomaji wa majarida ya takwimu anaitambua kwa harufu: mbinu mpya inayopiku ya mwaka jana chini ya masharti saba, uthibitisho wa kurasa 30, majaribio ya kompyuta yaliyotengenezwa na mwandishi mwenyewe kwa namna inayompendelea, na mwishoni mfano mmoja wa data halisi, uliochukuliwa kwenye hazina ile ile ambayo kila mtu huchukulia. Hakuna aliyekuwa akisubiri jibu. Baadhi ya makala hizo ni nzuri sana kihisabati, sikatai. Ila mwandishi akipanda cheo kwa kuandika 20 za namna hiyo, wanafunzi wake watajifunza kuandika 20 nyingine.

Lakini hasara kubwa kuliko zote iko kwenye kazi ambayo ikifanikiwa hakuna cha kuonyesha. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha katika Nature Medicine makala iliyodai kwamba mwenendo wa jeni za uvimbe unaweza kutabiri ni dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Madaktari wa MD Anderson, hospitali ya saratani ya Houston, wakataka kuitumia, wakawaomba wanatakwimu wao, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wawasaidie. Wawili hao wakakaa kuirudia hesabu. Ikakataa.

Wakaanza kuchimba. Orodha ya jeni ilikuwa imesogea mstari mmoja: jedwali liliingizwa kwenye programu isiyotarajia mstari wa vichwa, hivyo kila jina lilikuwa la jeni jirani. Kwingine, seli zilizo sugu kwa dawa zilikuwa zimeandikwa kuwa ndizo zinazoisikia, na zinazoisikia kuwa sugu. Kosa la kwanza linaharibu sayansi. La pili linaweza kumpa mgonjwa dawa ambayo uvimbe wake utaihimili. Na majaribio kwa wagonjwa yalikuwa yameshaanza.

Kazi ya kufukua makosa hayo ilimeza saa zipatazo 1,500. Maelezo kamili yalitoka mwaka 2009 katika Annals of Applied Statistics, jarida zuri ambalo daktari wa saratani hana sababu ya kulifungua. Majaribio yakasimamishwa, yakaruhusiwa tena, kisha yakafungwa kabisa mwaka 2010. Makala ya Nature Medicine ikafutwa mwaka 2011. Kinachokera ni kilichowaamsha wakubwa. Ushahidi wa takwimu ulikuwa mezani kwa miezi. Mambo yalibadilika ghafla pale ilipofichuka kwamba mmoja wa watafiti alikuwa amedanganya kwenye wasifu wake kwamba alipata ufadhili wa Rhodes, ule wa heshima kubwa wa kusoma Oxford. Jedwali lililosogea mstari mmoja lilivumilika. Wasifu wenye uongo haukuvumilika.

Saa 1,500 ni karibu mwaka mzima wa kazi. Kwa vigezo vya kawaida zilizaa makala moja. Mtu mwingine angezitumia kuandika tano zisizomwokoa yeyote, na faili lake lingependeza zaidi.

Kuna wanaoamini kwamba kuhesabu nukuu kutarekebisha yote haya: kazi yenye faida itanukuliwa, subiri tu. Martin Bland na Douglas Altman walieleza namna yao ya kulinganisha vipimo viwili vya kitabibu katika jarida la wanatakwimu mwaka 1983. Mwaka 1986 wakaieleza tena, kwa urahisi zaidi, katika The Lancet, na ni hii ya pili iliyonukuliwa maelfu kwa maelfu. Wazo halikuongezeka ubora ndani ya miaka mitatu; lilibadilisha anwani. Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walikataliwa na majarida kabla makala yao ya namna ya kudhibiti ugunduzi wa uongo, yaani matokeo yanayoonekana ya kweli kumbe ni bahati tu, haijatoka mwaka 1995, kisha teknolojia ya kupima maelfu ya jeni kwa mkupuo ikaja na kila maabara ikaihitaji. Kamati iliyokaa mwaka 1996 isingejua. Nukuu huja, lakini huja kwa ratiba yao, na mkataba wa majaribio wa mhadhiri una ratiba yake.

Upande wa programu mambo yameanza kulainika kidogo. Ross Ihaka na Robert Gentleman walianza kuitengeneza R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, katika Chuo Kikuu cha Auckland miaka ya 1990, na leo ni vigumu kupata idara ya takwimu isiyoitumia. Mwaka 2019 tuzo ya COPSS, kamati ya marais wa vyama vya takwimu, ambayo kwa vijana wa fani hii ndiyo kilele, ilikwenda kwa Hadley Wickham, mtu aliyejijengea jina kwa programu za kuchora na kupanga data. Wakati huo alikuwa ameajiriwa na kampuni ya programu, chuoni alishatoka. Fani ilimtambua, lakini vyuo havikuwa vimepata namna ya kumweka.

Kama ningepewa kamati ya vyeo, nisingegusa hesabu ya makala kwanza. Ningemtaka mwombaji aandike kurasa mbili kuhusu swali moja: nani alilileta, alilibadilisha vipi, nini kilitoka kwake, na nini aliwashauri wenzake wasifanye. Mtu aliyekaa miaka sita bila kumwambia yeyote "usifanye" ama ana bahati ya ajabu ama anaandika nusu kwenye fomu. Ningekataza pia kuuza mshahara wa mwanatakwimu zaidi ya asilimia 80. Najua pingamizi lake, na ni la haki: ile 20 iliyobaki ndiyo huliwa kwanza mradi ukichelewa, na mkuu wa idara asiyekuwa na fedha hana meno ya kuilinda. Bila fedha za chuo chenyewe nyuma yake, kanuni hiyo ni karatasi.

Kisha kuna barua za mapendekezo. Zinaombwa kwa watu walioandika makala pamoja na mwombaji, yaani wale ambao mambo yao yalikwenda. Ningeomba moja kutoka kwa mtafiti ambaye mradi wake ulisimamishwa au kupanguliwa kwa ushauri wa mwombaji. Nyingi zitakuja na kinyongo, na chache hazitakuja kabisa. Kamati itabidi ijifunze kuzisoma kwa jicho lingine. Ila daktari anayeandika kwamba alikasirika, akaenda kutafuta wagonjwa 250, anaieleza kamati jambo ambalo orodha ya makala haina mahali pa kuliandika.